Maji Haya Yalipimwa Saa Ngapi?

Hoja iliyo mezani ni ya fedha kabla ya kuwa ya sayansi: kama kilichopo hakitoshi kupima kila kitu, maji ya pwani ya Unguja yapimwe nini kwanza, na apime nani? Nimewakalisha kwenye baraza moja watu wanne ambao kwa kawaida kila mmoja hunung'unika peke yake. Wote ni wa kubuni. Hoja zao sikuzibuni mimi. Atazikuta yeyote atakayeshinda siku moja na wakulima wa mwani, ya pili maabara, na ya tatu kwenye ofisi inayogawa mafungu.

Yupo Mkulima wa mwani, mama wa makamo kutoka upande wa Paje. Yupo Daktari, mkemia wa bahari. Yupo Nahodha, ambaye nywele zimemwota mvi ndani ya chombo. Na yupo Bwana Mipango, ambaye kalamu yake ndiyo ipitishayo au ikatayo. Mimi nimekaa pembeni, na pale nitakaposhindwa kunyamaza nitasema.

BWANA MIPANGO: Nisiwafiche. Sioni sababu ya kununua chupa, pampu na vipimajoto. Satelaiti zinapita juu yetu kila siku, na joto la uso wa bahari tunalipata bure. Huko kwenye kina kuna vielea vya Argo, karibu 4,000 dunia nzima. Kila kimoja huzama hadi meta 2,000, hupanda kikipima joto na chumvi, hurusha takwimu angani, na baada ya siku kumi hurudia. Mradi ule ulianza 1999 na takwimu zake ziko wazi kwa kila mtu. Wenye uwezo wamekwisha lipa. Sisi tuajiri vijana wawili wa kompyuta, tuwape umeme wa uhakika, yaishe.

DAKTARI: Vielea hivyo naviheshimu, Mheshimiwa. Bila hivyo tusingejua bahari kuu inameza joto kiasi gani. Lakini siku nyingi za kielea cha Argo hupita kikichukuliwa na maji kwenye kina cha meta 1,000. Mlango-bahari ulio baina ya Unguja na bara una kina cha makumi ya meta tu. Hakiji huku, na kikija ujue kimepotea njia. Upande wa Pemba, ambako sakafu huporomoka mamia ya meta, ni habari nyingine.

BWANA MIPANGO: Na satelaiti?

DAKTARI: Inayosoma mionzi ya joto huona ngozi ya maji tu, nyembamba kuliko unywele. Wingu likitanda haioni kitu, na masika yetu mnayajua. Kisha kuna ukubwa wa nukta. Ramani za tahadhari ya joto kwa ajili ya matumbawe, zile za NOAA ya Marekani, kila nukta ni kilomita tano kwa tano.

NAHODHA: Kilomita tano! Ndani ya kilomita tano mie natoka pwani, navuka mchanga, navuka nyasi bahari, natoka mlango wa mwamba, niko bahari kubwa. Yote hayo nukta moja?

DAKTARI: Moja, Nahodha. Na ikigusana sana na nchi kavu wanaiacha kando.

BWANA MIPANGO: Lakini tahadhari zile hufanya kazi. Msikatae.

DAKTARI: Sikatai. Matumbawe ya Afrika Mashariki yalipauka 1998, mengi yakafa. Yakapauka tena 2016, na tena 2024. Wenye ramani huhesabu maji yamezidi joto la kawaida la mwezi mkali kuliko yote kwa digrii ngapi na kwa wiki ngapi. Hesabu ikifika 4 hutarajia kupauka, ikifika 8 hutarajia vifo. Kwa mwamba wa nje ni msaada mkubwa. Kwa shamba la mwani lililo ndani, kwenye maji ya magotini, haina la kusema.

MKULIMA: Hapo ndipo mliponifikia. Mwani wa biashara ulianza kulimwa hapa 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Kulikuwa na aina mbili, kotonii na spinosamu, na kotonii ndiyo yenye bei. Baadaye ikaanza kubabuka. Tawi linageuka jeupe, linalainika, linakatika kwenye taitai, ukija unakuta kamba tupu. Spinosamu ikavumilia, lakini bei yake ni ya kukunjia uso. Tukaambiwa maji yamepata joto. Tukauliza: kiasi gani? Tangu lini? Hakuna aliyekuwa na daftari. Tukaambiwa tupeleke kotonii kwenye kina. Mashua hatuna, na wengi wetu hatukufunzwa kuogelea.

Naomba niingilie hapa, maana hilo la "tangu lini" hupitwa upesi mno katika mijadala ya namna hii. Huwezi kurudi nyuma kwenda kupima jana. Kwa kimo cha maji angalau tuna la kujibu: bandari ya Unguja ina rekodi ya maji kujaa na kupwa tangu 1984, na Mombasa tangu 1986. Joto na kemia ya maji yaliyo ndani ya mwamba vimepimwa vipandevipande, mradi ukija, mradi ukiondoka.

Na rekodi nzuri haitegemei kifaa cha ajabu. Meli ya Uingereza iitwayo Challenger ilizunguka dunia 1872 hadi 1876 ikiteka maji. William Dittmar, mkemia wa Glasgow, akazichambua chupa 77, na 1884 akachapisha matokeo: chumvi ya bahari izidi au ipungue, uwiano wa viambato vyake vikuu haubadiliki. Kwa ajili hiyo mtu wa leo hupitisha umeme majini na kukutajia kiwango cha chumvi, gramu 35 hivi kwa kila kilo, bila kukausha hata tone. Chupa zile zimedumu kwa sababu kila moja ilijulikana imetekwa wapi, kina gani na siku gani, na kwa sababu Dittmar alieleza njia yake kiasi cha mwingine kuweza kuirudia na kumkosoa.

MKULIMA: Basi nipeni mimi hicho kipimo. Kila bamvua nipo majini. Hakuna mtafiti anayekaa majini saa nyingi kunishinda.

DAKTARI: Hapo ndipo ninapoogopa, mama. Bamvua maji hupwa saa ngapi?

MKULIMA: Saa nne, saa tano asubuhi. Kila mtoto wa hapa anajua.

DAKTARI: Mwezi mwandamo na mwezi mpevu, mwaka mzima?

MKULIMA: Mwaka mzima. Na usiku saa kama hizo hizo.

DAKTARI: Basi ukipima kila bamvua maji yakiwa yamepwa, utapima saa nne na saa tano kila mara, jua limeshapanda na maji yamebaki kidogo. Alfajiri hutaiona hata siku moja. Baada ya miaka kumi utaniletea daftari nadhifu la saa moja tu ya bahari.

MKULIMA: Lakini saa hiyo ndiyo inayouchoma mwani wangu.

DAKTARI: Ni kweli, na kwa joto una haki kabisa. Kinachoua tawi ni joto la saa hiyo, wala si wastani wa mwaka. Kwa joto dawa ni rahisi: kuna vipimajoto vidogo vya kufungwa kwenye kigingi, vinavyojiandikia vyenyewe kila nusu saa, usiku na mchana, miezi kadhaa. Vya bei nafuu hukosea hadi nusu digrii, lakini tukivilinganisha maabara kabla na baada, tunajua vinakosea kwa upande gani. Asidi ndiyo inayonikosesha usingizi.

NAHODHA: Asidi gani? Bahari ni chumvi.

DAKTARI: Bahari bado si asidi, Nahodha, ila inasogea upande huo, kwa kuwa inanyonya kaboni dioksidi kutoka angani. Kipimo chake ni pH. Kwa wastani maji ya juu ya bahari kuu yameshuka kutoka karibu 8.2 hadi karibu 8.1 tangu viwanda vianze, na sasa yanashuka kama 0.02 kwa miaka kumi.

NAHODHA: Unanitisha kwa sifuri nukta moja?

DAKTARI: Ngazi hiyo huenda kwa kuzidisha kumi. Aliiweka Mdenmark, Sørensen, mwaka 1909, katika maabara ya Carlsberg.

NAHODHA: Carlsberg ya bia?

DAKTARI: Ya bia. Kushuka 0.1 maana yake chembe za asidi zimeongezeka kwa zaidi ya robo. Sasa sikiliza ugumu wenyewe. Mchana nyasi bahari na mwani hunyonya kaboni dioksidi majini, pH ikapanda. Usiku hubaki kupumua tu, kaboni dioksidi hurudi, pH ikashuka. Utafiti wa Ghuba ya Chwaka umeonyesha nyasi bahari zikipandisha pH mchana kiasi cha kubadili hali ya mimea ya chokaa iliyo jirani yake. Kwenye maji haba, ndani ya siku moja tu, pH inaweza kupanda na kushuka kwa sehemu kadhaa za kumi.

NAHODHA: Yaani mnatafuta badiliko la miaka kumi ambalo siku moja tu inalimeza mara kumi.

DAKTARI: Umelisema vizuri kuliko nilivyoliandika kwenye ripoti.

BWANA MIPANGO: Hapo mniruhusu. Mimi nina shida yangu. Malengo ya Maendeleo Endelevu yana kiashiria 14.3.1: wastani wa asidi ya bahari katika vituo vilivyokubaliwa. Kila nchi inatakiwa iripoti. Nipeni namba.

DAKTARI: Wastani wa saa ngapi, Mheshimiwa?

BWANA MIPANGO: Sikuelewa.

DAKTARI: Nikiteka maji Paje saa nane mchana, nitakupa bahari yenye afya njema. Nikiteka saa kumi na moja alfajiri, mahali palepale, nitakupa bahari iliyo taabani. Namba zote mbili ni za kweli. Mwakani akienda mtu mwingine saa nyingine, utaripoti kwamba pwani imeharibika au imepona, na haikufanya lolote kati ya hayo.

Ningependa wasomaji watulie juu ya jibu hilo. Ripoti nyingi za mazingira zina jedwali lenye safu ya kituo, safu ya tarehe na safu ya pH. Safu ya saa haimo, wala ya hali ya maji: yanajaa, yanapwa, bamvua, maji mafu. Kwa bahari kuu kasoro hiyo inavumilika. Kwa maji ya ndani ya mwamba inaifanya safu nzima ya pH kuwa pambo, na mimi nisingeipa fungu hata senti moja.

BWANA MIPANGO: Basi tununue kifaa bora kuliko vyote, tukiache palepale kipime mfululizo.

DAKTARI: Kifaa bila rejea kitakudanganya kwa utulivu mkubwa. Mtandao wa dunia wa kufuatilia asidi ya bahari, GOA-ON, umeweka madaraja mawili ya usahihi. La kwanza wanaliita la hali ya hewa: kosa lisizidi 0.02. Hilo linatosha kuona nyasi bahari zinavyopumua, au mvua kubwa ilivyoingia ghubani. La pili ni la tabianchi: kosa lisizidi 0.003. Hilo ndilo linaloweza kuuona mwelekeo wa miaka. Vimiminika vya kawaida vya kurekebishia kipimo cha pH, vile vinavyouzwa kwa ajili ya maji ya mto na ya kisima, havifai. Maji ya bahari yanataka vyake, vyenye chumvi kama yenyewe.

BWANA MIPANGO: Ni kama mizani ya sokoni. Jiwe lisilo na muhuri wa wakala wa vipimo halina maana, hata mizani iwe mpya.

DAKTARI: Ndivyo. Na muhuri huo umekuwa ukitoka mahali pachache mno. Kwa chumvi, maji ya rejea yalianza kutengenezwa Copenhagen mwanzoni mwa karne ya 20, na leo hutengenezwa Uingereza. Kwa kaboni iliyoyeyuka na alkaliniti, yaani uwezo wa maji kuhimili asidi, dunia nzima ilitegemea maabara moja, ya Andrew Dickson, pale Scripps, San Diego, kwa miongo mitatu hivi. Uviko ulipofunga maabara 2020, chupa zikaadimika kila nchi. Hata matajiri walihesabu zilizobaki kabatini.

BWANA MIPANGO: Na sisi tutazipata wapi?

DAKTARI: Tutazinunua chache, tuzitumie kwa ubahili, kisha tutengeneze maji yetu ya kufanyia kazi kila siku na kuyapima kwa zile chache. Inawezekana. Lakini chupa za daraja la pili ni za kioo kigumu, na sampuli hutiwa tone la kloridi ya zebaki ili vijidudu visiendelee kupumua humo njiani.

MKULIMA: Zebaki? Kwenye maji ninayolima?

DAKTARI: Ndani ya chupa, mama, na chupa hurudi maabara yote.

MKULIMA: Hiyo msinipe mimi. Akitaka zebaki aje mwenyewe na glavu zake, na asiweke chupa karibu na kamba zangu. Mie nitajaza chupa, nitaandika saa. Zebaki si kazi yangu.

DAKTARI: Una haki, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Na zipo kazi zisizotaka sumu ya zebaki wala bei kubwa. Uangavu wa maji bado hupimwa kwa sahani nyeupe ya Padri Angelo Secchi, tangu 1865: unaishusha kwa kamba hadi isionekane, unasoma kina. Oksijeni bado hupimwa kwa njia ya Winkler wa Hungaria, ya 1888, na vifaa vya kisasa vya oksijeni husahihishwa kwa hiyo hiyo.

NAHODHA: Sasa niacheni niulize langu, maana mmeongea kemia hadi maji yamejaa. Hizo namba ni za nani? Naziona meli kubwa zinakuja. Ile ya Wanorwe, Dr Fridtjof Nansen, ilipima maji ya Tanzania 1982, na nyingine ya jina hilohilo ikapima tena 2018. Sisi tuliokuwa baharini siku zile tulipewa nini?

BWANA MIPANGO: Kisheria tuko vizuri, mzee. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ibara ya 246, hautaki mtu afanye utafiti katika eneo letu la kiuchumi bila ridhaa yetu. Ibara ya 249 inatupa haki ya kushiriki, na ya kupewa takwimu na sampuli.

NAHODHA: Inaipa nchi. Kijiji je? Mie najua kusi likishika mkondo unakimbilia kaskazini kwa nguvu, na kaskazi ikivuma mkondo unalegea. Nilijua kabla hamjaja. Mkija mnaniuliza, mnaandika, mnaondoka. Nikiuliza mwaka huu maji yaliyoko nje ya mwamba yalianza kupoa lini, kwa sababu hapo ndipo samaki wangu wanaposogea, naambiwa takwimu ziko kwenye seva.

DAKTARI: Lawama hiyo naipokea. Ila nawe nikuulize: ujuzi wako wa mkondo unaweza kuniambia kama mwaka huu kusi limepoza maji chini ya mwaka 1990, na kwa kiasi gani?

NAHODHA: Hauwezi. Ndiyo maana nataka namba, sikusema sizitaki. Nataka zikae hapa.

Kwa maoni yangu Nahodha ndiye aliyelitia swali kwenye njia yake. Daktari anataka usahihi, Bwana Mipango anataka ripoti, Mkulima anataka kujua kesho atafunga aina gani ya mbegu. Haja hizo tatu hazihitaji vipimo vya daraja moja, na fedha hupotea pale zinapolazimishwa zifanane. Kwa Mkulima, kipimajoto kilichofungwa kigingini na daftari lenye safu ya saa ni utajiri. Kwa kiashiria cha kimataifa kinatakiwa kituo kimoja, nje ya mwamba, kinachotekwa maji kwa ustadi kila mwezi, kwa miaka mingi. Vituo saba vya ovyo havifikii hicho kimoja. Kule Hawaii na Bermuda wanapima mahali palepale tangu 1988, na sehemu kubwa ya tunachokijua kuhusu asidi ya bahari kuu imetoka kwenye ung'ang'anizi huo wa kuchosha.

BWANA MIPANGO: Mwandishi anasema miaka mingi kana kwamba fedha zinaota. Mafungu ya wafadhili ni ya miaka mitatu.

DAKTARI: Na kifaa kikikaa majini wiki chache tu kinaota utelezi, kisha chaza. Asipokuwepo wa kukisugua, namba zinateleza polepole, na kwenye karatasi zinaonekana kama badiliko la tabianchi. Betri zinakwisha, mipira ya kuzuia maji inakauka. Mwaka wa nne utakikuta kabatini, kizuri kwa macho.

BWANA MIPANGO: Kwa hiyo unataka nini kiandikwe?

DAKTARI: Fundi mmoja. Mwenye ajira ya kudumu, siyo posho ya mradi. Kazi yake kusugua, kulinganisha vipimo kila mwezi, kuandika kila kilichoharibika. Mkinipa fundi na kifaa cha bei ya kati nitawashinda wenye kifaa cha bei ya juu wasio na fundi.

BWANA MIPANGO: Mshahara wa kudumu ni mgumu kupita kuliko kununua mtambo. Mtambo unakatiwa utepe.

NAHODHA: Basi mkateni utepe fundi.

Walicheka, kisha wakaanza kubishana juu ya daftari. Daktari alitaka namba zifike maabara kama zilivyosomwa, bila mtu kuzinyoosha hata zikionekana za kipuuzi; Nahodha alitaka kila ukurasa uwe na nakala inayobaki kijijini. Wakakubaliana yote mawili. Wakaongeza safu mbili, ya saa na ya hali ya maji, na ya tatu ya jina la aliyesoma, ingawa Bwana Mipango aliona ya tatu ni ya kuwachongea watu.

BWANA MIPANGO: Na mama huyu tumlipeje? Hana cheo katika muundo wa utumishi.

MKULIMA: Siku za bamvua msinilipe, nakwenda majini kwa shughuli yangu na kuandika ni dakika tano. Lakini Daktari anataka alfajiri. Alfajiri maji hupwa siku za maji mafu, saa kumi, saa kumi na moja, giza, na sina shughuli yoyote pwani saa hiyo. Siku hizo mnilipe kwa bei ya kilo za mwani ambazo ningefunga mchana kama nisingelala. Na taa ya kichwani mnunue nyinyi.

BWANA MIPANGO: Kilo ngapi?

MKULIMA: Kotonii au spinosamu?